Nakala Iliyobaki Mlali

Mwanamke aliyeketi mbele ya Inspekta Neema Lukwele hakulia. Alitoa simu kwenye mkoba, akaisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia njia:

"Mume wangu anafuta picha."

Koplo Stambuli, aliyekuwa amepiga magoti akitafuta soketi ya kuchajia kompyuta, aliinua kichwa.

Mume wa mwanamke huyo alikuwa amekwisha kuzikwa. Aliitwa Shukuru, mpiga picha wa harusi mwenye studio Kihonda. Pikipiki yake ilitumbukia korongoni juu ya Mlali, kwenye barabara ya kupanda Mgeta, asubuhi yenye ukungu. Askari wa usalama barabarani waliandika utelezi na tairi lililokwisha. Jalada likafungwa, na hakuna aliyelishika tena.

"Mama Nasra," Neema alisema, "Shukuru ni marehemu."

"Najua, afande. Niko edani, sikutakiwa hata kutoka nyumbani. Mama mkwe ndiye aliyesema nije."

Jina lake hasa lilikuwa Asha. Alieleza bila kupandisha wala kushusha sauti. Yeye na mumewe walikuwa na akaunti moja ya kuhifadhi picha mtandaoni. Kazi za studio zilikuwa humo, na picha za nyumbani zilikuwa humo, kwenye folda ya peke yake. Tangu wiki iliyopita folda ya nyumbani ilikuwa ikipungua. Akiifungua asubuhi, imepungua. Akiifungua jioni, imepungua tena. Jana aliikuta tupu.

"Zilikuwa picha za nani?"

"Za Nasra, mwanetu. Alifariki mwaka jana kwa homa ya mapafu. Sina nyingine." Akaigusa simu iliyokuwa mezani. "Simu ya Shukuru haikuonekana pale korongoni. Nikasema aliyeichukua ndiye anayefuta. Lakini kila mara jina linalotokea ni la mume wangu. Shukuru amefuta. Shukuru amefuta."

Stambuli alivuta kiti. "Kile kikapu cha vilivyofutwa, umekitazama?"

"Kitupu."

"Na zilizokuwa humu kwenye simu yako?"

"Nazo zimekwenda."

"Ndivyo inavyofanya, dada. Watu wanadhani picha ikiwa kwenye simu na mtandaoni, basi ni nakala mbili. Ni kama kioo tu. Ukitoka wewe, na yule wa kwenye kioo anatoka. Mtu akifuta sehemu moja, inafutika kote."

Neema hakuwa akimsikiliza Stambuli. Alikuwa akimtazama Asha.

"Kitu gani kilikuwa cha kwanza kupotea? Cha kwanza kabisa."

Asha alifikiri. "Cha kwanza hakikuwa cha Nasra. Ilikuwa video. Shukuru alifunga kamera kwenye helmeti yake, alipenda kurekodi barabara za milimani. Hizo aliziweka kwenye folda yetu, hazikuwa kazi. Jioni ya siku aliyofariki niliona imeingia moja mpya. Niliona sura yake ya mbele tu, barabara na ukungu. Nyumba ilijaa watu. Nikasema nitaitazama matanga yakiisha. Kulipokucha, haikuwepo."

"Ukamwambia nani?"

"Wakati ule hakuna. Ila wiki iliyopita Ahmadi alikuja kunijulia hali, nikamuuliza kama anayo. Ahmadi ni mshirika wa Shukuru pale studio. Akasema hajawahi kuiona."

"Picha za Nasra zilianza kupotea kabla ya kumuuliza, au baada?"

Asha alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Baada," alisema.

* * *

Stambuli alifungua akaunti kwa idhini ya Asha, akaenda mahali panapoonyesha vyombo vilivyounganishwa nayo. Vilikuwa vinne. Simu ya Asha. Kompyuta ya studio, Kihonda. Simu ya Shukuru, iliyoonekana mara ya mwisho Gairo. Na chombo cha nne, chenye jina moja tu: Nasra.

"Nasra alikuwa na simu?" Neema aliuliza.

"Alikuwa na miaka minne, afande."

"Tableti je, ya katuni?"

"Hapana."

Chombo hicho kilikuwa kimezimika siku ya mazishi, na hakikuwaka tena. Stambuli alipiga picha ukurasa wote, kisha akabadilisha neno la siri na kuvitoa vyombo vyote nje, ili asiwepo tena wa kufuta chochote. Alipomaliza alisugua viganja.

"Gairo, afande. Mwizi wetu yuko Gairo."

Neema aliwapigia wenzake wa Gairo. Kabla ya saa sita mchana walirudisha jibu. Simu ilikuwa kwa mnunuzi wa karanga pale sokoni. Aliuziwa na mpagazi wa mboga kutoka Mgeta, aliyesema kaiokota kwenye majani kando ya barabara. Kioo kilikuwa kimepasuka, na mnunuzi huyo hakuwahi kuifungua, maana ilidai namba ya siri. Aliiwasha mara moja, ikaonekana mtandaoni, kisha akaipeleka kwa fundi. Kwa fundi imelala mwezi mzima bila betri.

"Kwa hiyo wiki iliyopita ilikuwa mezani kwa fundi, imekufa," Stambuli alisema polepole.

"Imekufa. Haiwezi kufuta kitu."

Stambuli alirudisha pingu kwenye droo yake. Neema alishuka chumba cha vielelezo, akaomba helmeti ya marehemu. Waliileta kwenye mfuko wa nailoni, bado ina udongo mwekundu. Juu ya paji kulikuwa na kishikio cha kamera, na kamera haikuwepo. Jalada lilisema kamera ilichomoka kwa kishindo na kupotelea korongoni. Neema alikigeuza kishikio kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuwa na ufa. Skrubu yake ndogo, ile inayozungushwa kwa vidole, ilikuwa imelegezwa hadi mwisho na kubaki ikining'inia.

Akairudisha helmeti mfukoni, akasaini, akatoka.

* * *

Studio ilikuwa imebanana kati ya mashine ya kusaga na duka la vifaa vya ujenzi. Ndani kulikuwa na pazia jeupe, taa za miguu mirefu, na ubao ukutani: *Sherehe za kina mama mpiga picha ni mwanamke. Hakuna mwanamume atakayetazama.*

Ahmadi aliwakaribisha vizuri. Alikuwa kijana mtanashati, ndevu zimechongwa, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimtuma binti wa mapokezi soda, Neema akasema hawahitaji.

"Picha zimefutwa kwenye akaunti yenu," Neema alisema.

"Ni mimi, afande." Jibu lilikuja haraka. "Hifadhi ilijaa. Kazi za wateja zikawa hazipandi, watu wananipigia kila saa. Ikabidi nipunguze. Hii kompyuta imefunguliwa kwa jina la marehemu, kwa hiyo linaandika jina lake. Shemeji kalalamika?"

"Ulianza na zipi?"

"Za zamani. Kawaida unaanza na za zamani."

"Halafu ukamwaga na kikapu."

"Usipokimwaga, nafasi hairudi."

Alikuwa sahihi, na Stambuli aliitikia kwa kichwa bila kukusudia. Neema alisogea karibu na ukuta, akawa anatazama picha ya bibi harusi mwenye hina hadi kwenye viwiko.

"Hii harusi ni ya lini?"

"Ah, ya zamani hiyo. Mwaka juzi."

"Video yake bado ipo mtandaoni?"

"Ipo."

"Saa nzima ya video?"

"Karibu saa tatu."

"Koplo, video ya saa tatu na picha za mtoto mmoja, kipi kinakula nafasi zaidi?"

"Video, afande. Hazikaribiani kabisa."

Neema alimgeukia Ahmadi. "Nimeitazama akaunti leo. Harusi za mwaka juzi zipo. Za mwaka jana zipo. Kilichoondoka ni folda ya nyumbani kwa Shukuru peke yake, ambayo ukiifuta yote hupati nafasi ya kuweka hata harusi moja."

Mashine ya kusaga iliunguruma upande wa pili wa ukuta. Ahmadi alingoja inyamaze.

"Nilikosea folda," alisema. "Nimechoka, afande. Marehemu alikuwa ndugu yangu. Kaburini niliingia mimi kumpokea."

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu."

"Asante," Neema alisema, akatoka.

Nje, Stambuli alimkimbilia. "Afande, si tumkamate?"

"Kwa kosa gani? Kukosea folda?" Aliingia kwenye gari. "Hatuna ile video. Anajua kwamba hatuna."

* * *

Asha alikuwa kwenye benchi la kituo walipomwacha, mkoba mapajani.

"Mama Nasra, siku ya mazishi watu walijaa nyumba gani?"

"Ya mama mkwe. Shukuru kazikwa Mlali, kwao."

"Walilala?"

"Wengi tu. Nyumba nzima, hadi uani."

Neema alimtazama Stambuli. "Msibani watu wakijaa, soketi zinatosha?"

Koplo akasema, "Zinagombaniwa. Wanachomoa chochote wachaji simu."

"Chombo cha nne kilizimika siku hiyo hiyo. Twende."

Asha alipanda nyuma. Walipita mashamba ya mahindi, Uluguru mbele yao imefunikwa kuanzia kiunoni kwenda juu, na walipofika Mlali mvua nyepesi ilikuwa imeanza.

Bi Sharifa, mama yake Shukuru, alikuwa akichambua mchicha barazani. Hakusimama.

"Shikamoo mama," Neema alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mkwe wangu, umefika na wewe. Haya."

"Mama, kuna kitu Shukuru alikiweka hapa nyumbani? Kitu cha umeme, pengine kina taa."

"Kile kisanduku cha mjukuu wangu?" Bi Sharifa alifuta mikono kwenye kanga. "Kipo chumbani kwake. Baada ya mtoto kufa alikuja nacho, akakifunga na kijidude cha intaneti, akaniambia, mama, humu nimemweka Nasra. Nikamwambia si yuko kwenye simu zenu? Akasema, kule ni kwa watu, mama, wanaweza kumfunga mlango siku yoyote. Hapa ni kwetu. Usikizime. Nikawa sikizimi. Msibani vijana wakachomoa. Basi, na mimi nikaacha. Mwenyewe hayupo wa kuniuliza."

"Hakuniambia," Asha alisema.

"Alisema ukijua utataka kuja kulala humu humu."

Kisanduku kilikuwa juu ya kabati, cheusi, kidogo kuliko tofali, kimefunikwa kitambaa cha kufumwa. Stambuli alivaa glavu. Hakukiunganisha na mtandao wowote. Alikifunga kwa waya kwenye kompyuta yake, akanakili kila kilichokuwemo, akakitia kisanduku chenyewe kwenye bahasha na kuwataka Bi Sharifa na mjumbe wa mtaa waishuhudie. Ndipo akaifungua nakala.

"Hiki siyo kioo, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Kilikuwa kinachukua kila kinachoingia kwenye akaunti, na kikishachukua hakirudishi. Mtandaoni wakifuta, chenyewe hakijali."

Picha zilijitandaza. Mtoto kwenye beseni. Mtoto amevaa kandambili za mtu mzima. Mtoto amelala juu ya gunia la karoti. Neema alizipitisha kwa kidole bila kusimama hadi mwisho kabisa, hadi siku moja kabla ya mazishi. Hapo palikuwa na barabara na ukungu.

"Mama Nasra, naomba mkae barazani na mama," alisema. Akafunga mlango.

Barabara ilipanda, ikakunja, ikapanda. Honi ililia nyuma. Sauti ikaita, "Shukuru! Simama bwana!" Pikipiki ikapunguza, ikasimama ukingoni. Ahmadi akaja mbele ya kamera, koti limelowa.

"Rudi tuzungumze kwanza. Ukiwaambia wazazi wa yule binti, nimekwisha."

"Umetuma picha za kina mama wakiwa ndani kwenye sherehe yao, Ahmadi. Kwenye kundi la wanaume. Wale walituamini."

"Nilituma kwa watu wawili tu."

"Zimefika hadi Mgeta. Niache nikaombe radhi."

Injini ikawaka. Mikono ya Ahmadi ikashika usukani. Wakavutana, picha ikayumba, kisha dunia nzima ikapinduka, mbingu, majani, mbingu, majani. Ilipotulia ilikuwa imelala upande. Kulikuwa na nyasi, na mkono wa Shukuru kwenye nyasi, na pumzi. Pumzi ilikuwa kubwa na ya kukwaruza.

"Ahmadi. Nipe mkono."

Viatu vikashuka kwenye mteremko, taratibu. Vikasimama. Vikakaa vimesimama kwa muda. Kisha mkono ukaja moja kwa moja hadi ukafunika kila kitu.

Stambuli aliondoka akaenda kusimama dirishani.

"Aliichukua kamera," alisema baadaye. "Sasa iliingiaje mtandaoni, afande?"

"Simu ya Shukuru ilikuwa bado hai, pale kwenye majani ilipoangukia. Kamera yake ilipeleka video kwenye simu kila inapofikia mwisho, na simu ikaipandisha. Ahmadi angeiacha kamera iendelee kurekodi, video isingepanda. Aliibonyeza kuizima. Ndipo ikafika mwisho."

Nje, wanawake wawili walikuwa wamekaa kama alivyowaacha. Neema alichuchumaa mbele ya Asha.

"Nasra yupo. Picha zake zote zipo."

Asha aliitikia kwa kichwa. "Ile ya kandambili za baba yake?"

"Nimeiona."

"Haya." Aliangalia mvua. "Na video?"

"Ipo pia. Nitakueleza mwenyewe, lakini siyo leo. Leo kuna mtu wa kufuata."

Bi Sharifa alimpa Asha kikombe cha chai, naye akakishika kwa mikono miwili, akaanza kunywa.

* * *

Walimkuta Ahmadi studio, akipanga taa. Alipelekwa kituoni, akaelezwa haki zake, akasema hahitaji wakili kwa sababu hana kosa. Neema alikaa mbele yake, Stambuli pembeni na karatasi za maelezo.

"Rudia. Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Studio."

Neema aliifungua kompyuta, akaiacha imemwelekea yeye, si Ahmadi. Hakumwonyesha picha. Alibonyeza, sauti ikatoka peke yake. Kwanza honi. Shukuru, simama bwana. Ahmadi alisikiliza sauti yake mwenyewe kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Ilipofika penye pumzi, aliinamisha kichwa. Ahmadi, nipe mkono. Kisha kimya.

"Nilifuta," alisema.

"Ulifuta."

"Nilikuta imeingia kwenye kompyuta jioni ile. Nilifuta na kikapu. Nilitazama mara kumi, haikuwepo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Halafu shemeji akaniuliza kama ninayo. Nikajua kuna nyingine. Nikadhani imejificha kwa jina lingine kwenye ile folda. Nikafuta kidogo kidogo, mwisho nikafuta yote."

"Folda ilikuwa ya mtoto aliyekufa."

"Sikumtazama, afande. Nilichagua tu."

Stambuli aliandika. Neema alingoja kalamu isimame.

"Ulimsukuma?"

"Hapana. Wallahi sikumsukuma. Nilishika usukani asiondoke. Nilitaka tu arudi tuzungumze. Tairi likateleza, nami nikaachia."

"Ukashuka."

"Nikashuka."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Simu yako ilikuwa na mtandao. Mlali ipo chini pale, kuna zahanati. Ulimwita nani?"

Ahmadi aligeukia dirisha. Nje mtu alikuwa akifagia maji ya mvua, ufagio ukienda na kurudi.

"Nilifikiri atapita mtu," alisema mwisho. "Kisha nikaona ile taa nyekundu ya kamera. Nikawa naitazama hiyo tu."

"Ukanyoosha mkono."

"Ndiyo."

"Yeye alikuwa anakuona?"

"Ananiona. Macho yako wazi." Ahmadi aliangalia mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya meza, kama wa mtu mwingine. "Alidhani nakuja kumwinua."

"Akafanyaje?"

"Akanyoosha na yeye wake."

Neema alimsogezea Stambuli wino wa dole gumba. "Andika hivyo hivyo," alisema, "kwa maneno yake."